Cheo cha Aliyezama Zaidi

Saa moja na nusu asubuhi meneja aliingia chumba cha kufulia cha hospitali na rula ya seremala, akapiga goti kwenye sementi, akaanza kupima watu. Vyeo hupandishwa hivyo. Ukikaa kazini pale sakafu hukumeza kidogo kidogo, na aliyezama zaidi ndiye mkubwa.

Mzee Nguzo alikuwa amezama hadi magotini. Miaka ishirini na miwili hakubanduka pale dirishani kwenye jua zuri, akikunja foronya moja asubuhi na moja mchana. Chai aliletewa.

Mpiga pasi alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na nyayo zake hazikuzama hata unene wa kucha. Zingezama saa ngapi? Mashine ikikwama anaitwa yeye, boila ikikohoa anaitwa yeye.

"Sifuri," meneja akasema. "Dada, unajitahidi kweli?"

"Boila hii nani anaitengeneza?"

"Sijauliza hilo. Napima."

"Basi cheo mpe mzee, mimi nipe ufunguo wa boila. Bomba linavuja juu ya kichwa cha mdogo wangu, pale anapokunja shuka. Litapasuka."

"Ufunguo ni wa msimamizi. Tusivunjiane heshima."

Mzee Nguzo akavishwa ufunguo shingoni kwa kamba, watu wakapiga makofi.

Alhamisi bomba likapasuka. Mpiga pasi akakimbilia dirishani. "Mzee, ufunguo!"

"Tulia, mwanangu. Nimekabidhiwa mimi, nitafunga mimi." Akajaribu kuinua mguu wa kulia. Akajaribu wa kushoto. Akapumzika kidogo.

Mpiga pasi akaikata kamba kwa mkasi, akaenda kufunga mvuke. Mdogo wake alikuwa ameshaungua mkono, kuanzia kiwiko hadi vidole.

Wakubwa walikaa kikao cha dakika kumi, soda mezani. Mpiga pasi akapewa barua ya onyo kwa kumpora kiongozi wake. Mzee Nguzo, ambaye kwa purukushani ile alizama hadi kiunoni, akafanywa msimamizi mkuu. Ufunguo akarudishiwa, safari hii kwa mnyororo. Bomba likafungwa tambara.

Mdogo mtu aliporudi na bandeji, dada yake akaenda dirishani kumwombea ahamishwe.

"Pale ni pa aliyeajiriwa mwisho," Mzee Nguzo akasema, akinyoosha foronya. "Mwache asimame, mwanangu. Naye atazama tu."

Mdogo mtu akasimama chini ya bomba, akakunja shuka kwa mkono mmoja.