Kufikia Gunia Moja

Daktari wa Homa Bay alikataa kunipasua. Uvimbe wangu wa tumbo la uzazi haungeweza kungoja sana, kwa jinsi nilivyokuwa nikipoteza damu, lakini kwa kilo mia moja na saba aliogopa dawa ya usingizi ingeniua kabla ya kisu. Nikifika Agosti na kilo tisini, atanipasua. Akanipa karatasi: nisiguse ugali, viazi, muhogo, uji wala sukari. Nile nyama, mayai, samaki, parachichi na mboga, na mafuta nisiyaogope. Mwili ukikosa wanga, alisema, utachoma mafuta yake wenyewe. Mtindo huo aliuita ketojeni.

Wiki mbili za kwanza nilikaa huko huko Homa Bay kwa dada yangu Marcella, nikapungua kilo nne. Nikarudi Migori kwenye cherehani yangu nimejaa furaha ya kijinga.

Mzani wa zahanati yetu ulikuwa umekwama tangu mwaka 1996, kwa hiyo kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, nilikwenda stoo ya Okemwa, mnunuzi wa mahindi, nikapanda mzani wa magunia. Gunia ni kilo tisini. Wapagazi walilijua lengo langu na waliniuliza bila aibu kama leo mimi ni gunia na debe au gunia na nusu debe. Nilicheka nao. Ijumaa ya kwanza mzani ulisema mia moja na tatu. Ya pili, mia moja na nne. Ya tatu, mia moja na tano.

Nilimwambia Okemwa mzani wake unaiba. Hakukasirika.

"Mama Nyamusi," alisema, "mzani wangu ungekuwa unaiba, ungekupunguzia."

Hapo akili yangu ikavurugika kabisa. Tangu nirudi sikuwa nimeonja hata tonge moja la ugali. Nilikuwa nikiota ugali, jamani, naamka nikitafuna. Niliisoma ile karatasi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Nikapunguza parachichi, kisha nikaongeza. Nikamshuku daktari, nikajishuku mwenyewe, nikamwomba Mungu anionyeshe ninapokosea. Damu nayo haikukoma, na Julai ilikuwa inaisha.

Mama mkwe wangu, Mokeira, ndiye aliyekuwa akipika, kwa kuwa mimi nilishinda kwenye cherehani. Nilimsomea karatasi siku ya kwanza na akaitikia kila neno. Supu yake ya mifupa ilikuwa nzito na tamu, nami nilidhani ni uboho. Nilikunywa mabakuli mawili mchana, mawili jioni, nikimshukuru.

Jumatano moja nilisahau futi ya kupimia nikarudi nyumbani kabla ya saa sita. Nilimkuta jikoni ameinamia sufuria ya supu, anakoroga, na kwa mkono wa pili anamimina unga wa muhogo uliokorogwa kwa maji. Si kijiko. Bakuli zima.

Nilisikia hasira ikinipanda mpaka masikioni. Nilimuuliza kama anataka nife. Nilimwambia mambo mengine ambayo mke hapaswi kumwambia mama wa mume wake. Aliweka bakuli chini taratibu, akajifuta mikono kwenye leso.

"Dolphine pia alianza na ugali," alisema. "Akaniambia, mama, sina ugonjwa, hiyo ugali tu sitaki."

Dolphine alikuwa binti yake. Tulimzika miaka miwili iliyopita, mwepesi hata watu wawili walitosha kubeba jeneza. Siku ile wote tulisema ni malaria.

Niliketi kwenye kigoda. Nilimweleza upya, polepole sasa, habari ya uvimbe na kisu na dawa ya usingizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hayo yote ameyaelewa tangu siku ya kwanza, na kama ni kuacha unga, ataacha leo.

"Lakini ukianza kuisha," aliniuliza, "nitajuaje ni hii karatasi inakumaliza?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Mume wangu Wesley ananunua samaki Sori, ziwani, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote sijui analala wapi, na sijawahi kumuuliza. Daktari alinipima damu kujua kama inatosha. Kipimo kile kingine, cha virusi, hakukitaja, wala mimi. Mwishowe nilimwomba anisindikize nikapimwe.

Jumatatu tulikwenda Homa Bay wote wawili. Dirishani muuguzi alituuliza tumekuja kupimwa nini. Nilishindwa kulitamka. Mama mkwe wangu akasogea mbele, akalisema yeye lile neno ambalo hakulisema alipokufa Dolphine, akalisema kwa sauti, watu wote kwenye foleni wakageuka.