Helikopta ya Fartun Iliyofinya Watoto

Mtoto Kalunde alilia Jumatatu asubuhi, saa tatu hivi, na hicho kilio kilitunyima amani wiki nzima. Leo nikimwona anacheka pale dukani namshukuru Mungu upya, kama vile yalitokea jana.

Hapa Mutomo, mbele ya duka la Fartun, kuna helikopta. Ni mashini ya watoto, ya plastiki nyekundu, imekaa juu ya mguu wa chuma. Mtoto anapanda, mama yake anatumbukiza sarafu ya shilingi ishirini, na helikopta inaanza kuyumba mbele na nyuma ikiimba na kuwasha taa. Fartun aliileta mwaka jana na watoto wakaipenda sana. Siku ya soko walipanga foleni mpaka kwa mwenye kuuza mitumba.

Fartun ni mtu wa usafi. Kila asubuhi anapiga maji veranda yote ya simiti, na alikuwa na amri moja: mtoto avue viatu kabla ya kupanda. Vumbi letu ni jekundu, likishika kiti halitoki.

Aliyeunganisha hiyo helikopta na stima ni Mutindi, mjukuu wangu, msichana wa kijana wangu Kyule. Alikuwa ametoka tu kusomea stima, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza mtu alimpa peke yake. Mimi nauza uji pembeni mwa hiyo veranda, na wateja wakiisha nasuka vikapu vya kiondo, kwa hivyo nilimwona akipitisha kila waya.

Sasa hiyo Jumatatu Kalunde alivua viatu, akashika bomba la chuma la kupandia, mguu mmoja ukiwa bado kwa simiti. Akapiga nduru na kutoa mkono kama ameshika jiko. Akasema imemfinya. Hakuumia, alishtuka tu, lakini babu yake alikuwa amesimama hapo hapo. Babu yake ni Mzee Munyao, mwenyekiti wa kamati ya kujenga kanisa letu. Kanisa jipya lilikuwa limekwisha kupigwa mabati, na Jumamosi hiyo kamati ilikuwa ikae iamue nani ataweka stima. Walioomba ni wawili, fundi mmoja wa Kitui mjini mwenye gari lake, na Mutindi.

Mzee Munyao hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimvalisha Kalunde viatu pole pole, akafunga kamba, halafu akaniangalia.

"Mama Kyule, hii si ndiyo mashini msichana wako alifunga?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kama helikopta moja imemshinda, kanisa la watu mia tatu tutampatia aje?"

Niliendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umeiva zamani.

Fartun aliifunika helikopta na leso siku hiyo hiyo. Alimwambia Mutindi kwa upole kwamba yeye hawezi kuweka kitu cha kuumiza watoto wa watu mlangoni kwake. Atangoja mpaka Ijumaa jioni. Ikifika hapo bila jibu, helikopta itapakiwa irudi ilikotoka.

Mutindi alikuja na mita yake na vile viatu vyake vya kazi vyenye soli nene ya mpira, ambavyo anavipenda kuliko nguo ya Krismasi. Akafungua mashini akaanza pale sarafu inaingia. Ndani kuna kijicho kinachotambua shilingi ishirini na kukataa zingine. Akaingiza sarafu hiyo moja mara thelathini, nikihesabu, na kila mara kijicho kikaijua. Akaenda kwa fyuzi, akaigusa na zile sindano mbili za mita, ikalia pii, maana yake ni nzima. Akapima swichi, akapima kisanduku cha kugawa stima kilicho ndani yake, akapima mota aone kama kuna waya wake unagusa chuma. Hakuna. Mwisho akaweka sindano moja kwa bomba lile la kupandia na nyingine kwa lile tundu la juu la soketi ya ukutani, ambalo ndilo la waya wa kijani wa kwenda ardhini. Mita ikasema sufuri.

Akashika bomba yeye mwenyewe. Hakusikia kitu. Fartun akashika, kimya. Nikashika mimi na akala zangu za tairi, nikasikia chuma tu.

Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa kwa pikipiki zao kama wako sinema. Mmoja akasema hiyo helikopta imesoma sana, inafinya watoto wa kamati peke yao. Mwingine akasema Mzee Munyao ailipe fungu la kumi, itanyamaza. Mutindi alicheka nao, akaendelea kukusanya skrubu. Mbili zilianguka nikamwokotea.

Jumatano alichomoa kile kisanduku cha kugawa stima, akakifunga kwa sweta na kukipeleka mpaka Tawa kwa Fundi Jonah, aliyemfundisha kazi. Ni safari ya kumaliza siku. Alirudi Alhamisi mchana akiwa amechoka, na kisanduku kikiwa vile kilienda. Fundi Jonah alikiwasha saa mbili nzima, akakishika na mkono mtupu, akasema kisanduku ni kizima kabisa na akiondoe hapo. Ila alimpa neno moja la kubeba: aache kuuliza mashini, aulize mahali.

Mutindi hakujua afanye nini na hilo neno. Alikaa kwa kibao changu, akaniambia anaona ni heri aende kwa Mzee Munyao atoe jina lake, kuliko kungoja litolewe mbele ya watu.

Mimi sijui stima. Nilisoma mpaka darasa la nne. Lakini mtu akikaa mahali pamoja kila siku anasuka, macho yake yanafanya kazi bila kutumwa, na kuna kitu kilikuwa kimenikaa rohoni tangu Jumatatu. Nilikuwa nimenyamaza nikidhani wao wanajua.

"Mutindi," nikamwambia, "siku hiyo helikopta ilikuwa haijawashwa."

"Haijawekwa sarafu, susu?" Huniita susu, yaani nyanya.

"Haijawashwa hata kwa ukuta. Fartun alikuwa bado anapiga maji veranda. Swichi huwa anabonyeza akimaliza."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ndiye humwambia Fartun kila asubuhi, umesahau kuwasha, na siku hiyo sikuwa nimemwambia bado.

Akasimama, akaketi tena, akasema, "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Hapo alicheka kweli kweli, mara ya kwanza tangu Jumatatu, na hakuenda kwa Mzee Munyao.

Ijumaa alifika kabla duka halijafunguliwa, akarudisha kile kisanduku ndani ya helikopta. Alimwomba Fartun apige maji veranda kama kawaida, na swichi ya ukutani isiguswe. Simiti ikiwa bado imelowa, akatandika kitambaa kibichi chini, akakiwekea sindano moja ya mita, na ile nyingine akaiweka kwa bomba la helikopta. Nilisimama nyuma yake. Mita ikaandika volti hamsini na nane.

Akachomoa plagi. Sufuri. Akairudisha, swichi ikiwa bado imezimwa. Hamsini na nane.

Alinieleza akiwa amechuchumaa hapo hapo, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe. Plagi ina waya tatu. Mbili ndizo swichi inakata. Ule wa tatu, wa kijani, haukatwi kamwe, kwa sababu kazi yake ni kuchukua stima iliyopotea njia na kuimwaga ardhini. Duka zima lina waya huo mmoja. Kwa hivyo kuna kitu ndani ya duka kinapoteza stima kwa huo waya, na ardhi inakataa kuipokea, ndiyo inarudi nje kwa helikopta. Siku ya kwanza alipima bomba na waya wa kijani, na hivyo viwili vilikuwa na stima sawa sawa, ndiyo mita ikamwambia sufuri. Na viatu vyake vikamdanganya, na vya Fartun, na akala zangu. Watoto ndio walikuwa wanavua viatu.

Fartun aliposikia hivyo alishika mdomo. Amri ilikuwa yake.

Wakaingia ndani, Mutindi akichomoa kitu kimoja kimoja huku mimi nikiangalia mita. Wakatoa redio, mita haikusonga. Wakatoa mizani, haikusonga. Wakatoa friza ya soda, na mita ikaanguka mpaka sufuri. Nikaita. Nyuma ya hiyo friza waya mmoja ulikuwa umesugua chuma mpaka ngozi yake ikaisha.

"Lakini hiyo friza ni ya miaka," Fartun akasema. "Mbona haikufinya mtu mwaka jana?"

Mutindi alifuata ule waya wa kijani ukutani mpaka kwa kona ya nyumba, pale unapoingia kwa rodi ya shaba iliyopigwa ardhini. Akaishika. Rodi ikacheza ndani ya shimo lake kama jino bovu. Ilikuwa mwezi wa tisa, mvua tuliiona mara ya mwisho mwezi wa tano, na udongo ulikuwa umekauka mpaka ukaiachilia.

Akauliza, "Hapa palikuwa na nini?"

Ni mimi niliyejua. Palikuwa na mpapai wangu. Nilikuwa nimeupanda kwa hiyo kona, na maji ya kusuza vikombe vya uji nilikuwa nayamwaga hapo kila asubuhi, karai mbili, maana hapa kwetu maji hayamwagwi bure. Halafu mwezi wa saba mbuzi wa jirani yangu Musyimi akaula wote, majani na shina. Niliudhika sana. Tangu siku hiyo maji ya vikombe nikayapeleka kwa sukuma wiki zangu upande ule mwingine.

Mutindi alisikiliza akiwa amefungua mdomo. Halafu akasema, "Susu, leta karai."

Nilileta. Friza ikarudishwa stima. Mita ilikuwa hamsini na nane. Nikamwaga maji ya vikombe pole pole kwa ile rodi, vile nilikuwa nikifanya, na udongo ukayanywa kwa sauti. Arobaini na moja. Nikamwaga tena. Ishirini na sita. Fartun akaleta mtungi wake mwenyewe, wa lita ishirini, maji ya kununua, akamwaga nusu bila kuuliza. Kumi na moja. Tukangoja. Sita.

Nilikaa chini hapo hapo kwa tope. Fartun alidhani nimeugua. Nikamwambia aniache, sijakaa vizuri hivi tangu Jumatatu.

Siku hiyo yote ilikuwa kazi. Salat, kijana mkubwa wa Fartun, alichimba na mtaimbo, akakuta rodi ya zamani ni fupi kama mkono wangu. Aliyeipiga alifika kwa jiwe akakata iliyobaki. Mutindi akasonga hatua tatu, akapiga rodi nzima mpaka ikazama, akaizungushia makaa na chumvi, akashindilia na maji. Waya wa friza akaubadilisha. Mwisho akaweka ndani swichi ya kujikata yenyewe stima ikipotea njia tena.

Jumamosi asubuhi Mzee Munyao alipita akielekea kanisani. Mutindi alimwamkia, akamweleza yote, bila kuficha kwamba alikosea kupima. Simiti ilikuwa imelowa. Akaweka mita, ikaonyesha moja.

Mzee akasema mita ni ya Mutindi, na mita ya mtu inaweza kusema vile mwenyewe anataka. Mutindi akaanza kufungua viatu vyake, ashike bomba mbele yake.

"Wewe acha," Mzee akasema. "Wewe mnajuana nayo."

Akakaa kwa kibao changu, akavua viatu, akavua soksi, na moja ilikuwa na tundu la kidole gumba. Vijana wa bodaboda waliona, wakashuka kwa pikipiki zao. Alisimama na miguu mitupu kwa maji, akanyoosha mkono, akausimamisha kidogo hewani kama mtu wa kuombea mgonjwa, halafu akashika. Alishika na mkono mmoja, akashika na miwili. Tukangoja. Nilikuwa naomba kimya, ingawa nilikuwa nimeona mita na macho yangu.

"Ni baridi tu," akasema.

Alivaa soksi zake bila haraka. Akiwa anafunga kamba, bila kuinua kichwa, akamuuliza Mutindi kama ameangalia mahali pa rodi pale kanisani.

"Niliangalia jana jioni, mzee. Pale palipochorwa ni jiwe tupu. Tuiweke upande wa tangi, maji yanapomwagikia."

"Tuiweke," Mzee akarudia, kama anaonja hilo neno. "Basi kuja saa nane na hiyo mita yako. Uwaeleze wengine vile umenieleza. Na useme pole pole, kuna wazee pale."

Saa kumi Mutindi alirudi akikimbia na vile viatu vizito, na kabla hajafika nilikuwa nimejua kazi ya kanisa ni yake. Niliweka kiondo chini nikamshika.

Kalunde sasa hupanda kila siku ya soko. Mara ya kwanza alinisimamisha mimi nishike bomba kwanza, nikiwa nimevua akala, na sikumlaumu. Fartun bado anataka viatu vivuliwe.

Mutindi anasema hiyo rodi mpya imeenda chini sana, haihitaji tena maji yangu. Nimemsikia. Lakini vikombe lazima visuzwe na maji lazima yaende mahali, na kwa hiyo kona nimepanda mpapai mwingine, nimeuzungushia miiba pande zote. Mbuzi wa Musyimi hupita hapo asubuhi, anasimama, anaangalia, anaenda zake.