Kucha za Silvana

Walipofika, Vitus alikuwa bado anapumua, na hilo ndilo jambo pekee jema ambalo Sajini Asnath alilikuta kijijini pale. Wanakijiji walikuwa wamemfunga kamba kwenye nguzo ya ghala la ulezi. Jicho moja limefumba, meno ya mbele hayapo, jezi yake imelowa damu chapachapa. Konstebo Enock alipiga risasi mbili hewani ndipo watu wakarudi nyuma, tena hatua tano tu, mawe mikononi. Nyuma ya gari la polisi walikwisha kulaza magogo.

Kisa kilikuwa Silvana, mjane mpika pombe, aliyekutwa alfajiri uani kwake amepondwa kichwa kwa mchi. Vitus, kibarua wake, ndiye aliyembeba kumwingiza ndani, na damu iliyomchafua ikatosha kuwa hukumu. Aliyeongoza kipigo alikuwa Zenon, mdogo wa marehemu. Alimwambia Asnath, kwa upole wa kuudhi, kwamba akitoka na ushahidi ni sawa. Asipotoka nao, wao wanajua la kufanya.

Asnath aliingia ndani na sanduku lake la vifaa, akataka kulia. Kutoka Sumbawanga mjini ni mwendo wa saa tatu za barabara mbovu, na katika saa hizo wanawake wa jumuiya walikuwa wamefanya yote ambayo watu wenye adabu hufanya. Walimwosha Silvana kwa maji ya moto, wakamvika gauni la kanisani, wakasiriba sakafu kwa udongo mpya. Hata mchi walikuwa wameusugua kwa majivu. Muuaji asingepata wasaidizi bora hata angewaajiri.

Akatazama vidole vya marehemu. Kucha zilikuwa zimekatwa. Hapo akapata matumaini, maana bibi yake alikuwa mtu wa Ufipa na alimfundisha: kucha za maiti hazitupwi ovyo, mchawi asije akaziokota. Hukatwa kabla maiti hajaoshwa, zikafungwa kwenye kitambaa zikazikwe na mwenyewe.

Aliyeongoza kuosha alikuwa Emerensiana, shoga wa marehemu na mama mzazi wa Vitus, ambaye alikuwa ameketi pale pale kando ya maiti. Asnath akamwamkia shikamoo, akaziomba zile kucha. Mama akasema amekwisha kuzitupa chooni, huku ameng'ang'ania pindo la khanga yake kwa mikono miwili.

Nje kelele zilipanda tena. Jiwe lilisikika likitua mwilini, kisha jingine, na Vitus akamwita mama yake kwa Kifipa.

"Mama, najua unazo," Asnath alisema. "Unaogopa nini?"

"Naogopa utakachokikuta. Jana alirudi amelewa, afande. Mimi mwenyewe sijui alikotoka."

Asnath alimshika mabega akamtikisa, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu wa umri wa mama yake, akamwambia kimya chake kinamuua mwanawe. Ndipo fundo la khanga likafunguliwa.

Asnath alizimwaga kucha juu ya karatasi nyeupe, akainama na kioo cha kukuzia. Tatu zilikuwa na ngozi yenye damu na nyuzi za sufu, za buluu. Vitus hakuwa na uzi wa sufu mwilini. Aliyevaa sweta la buluu, kola imepandishwa hadi kidevuni katikati ya mchana wa jua, alikuwa Zenon. Majibu ya maabara yangechukua wiki, lakini hizi zilitosha kuzuia mkono wa mtu.

Alitoka mbio akiwapigia kelele waache. Zenon alimtazama usoni, akajua. Aliinua jiwe la kusagia kwa mikono miwili, akalishusha juu ya kichwa cha Vitus, mbele ya kijiji kizima.

Enock alimpiga risasi ya mguu. Sweta lilipovuliwa, shingoni palikuwa na mikwaruzo mitatu mibichi. Watu wakaachia mawe yao mmoja mmoja, wakaanza kuondoka bila kuagana.

Emerensiana alipiga magoti kwenye damu ya mwanawe.

"Ningekupa ulipoingia tu," aliuliza, "angekuwa hai?"

Asnath alitamani sana kudanganya. "Ndiyo, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akaomba aletewe maji ya moto na kitambaa. Ikambidi Asnath amshike mkono, kwa kuwa mwili ule ulikuwa na vumbi la kila jiwe na jasho la kila aliyeugusa, na maabara ingeutaka ulivyo.

"Asioshwe, mama," alisema. "Usimguse."