Kilio cha Kuazima

"Hapa hapasikiki kitu," mwongozaji alisema, akivua spika za masikioni. "Sekunde kumi na mbili nzima! Msikilizaji atadhani betri zimekwisha."

Binti waliyemwita Nyayo alikuwa amesimama ndani ya karai la kokoto, viatu vya kiume miguuni. Kazi yake katika kituo kile cha redio ilikuwa kutengeneza sauti za michezo ya kuigiza: hatua, milango, mvua. Siku hiyo alikuwa akitembea kama baba yake.

Hadithi yenyewe ilikuwa yake. Aliiandika gazetini mwaka uliotangulia: mama yake, dobi, siku mumewe alipofunga sanduku ahamie kwa mwanamke mwingine. Mama hakusema neno. Alimalizia kupiga pasi shati lake la mwisho, kola kwanza, kisha mikono, akalikunja, akamkabidhi mlangoni. Basi. Waliosoma walisema ukimya ule uliwaliza. Mama, aliyesomewa mara tatu, aliukata ukurasa akauhifadhi pamoja na vyeti vya watoto.

"Ndivyo ilivyokuwa," Nyayo alisema. "Hakulia."

"Gazetini msomaji anamwona alivyokaza midomo. Redioni atamwonaje? Lazima alie. Apige magoti, amsihi."

Mwigizaji alijaribu. Akalia kama mtu aliyebanwa kidole na mlango, mafundi mitambo wakaangua kicheko. Mwongozaji akamgeukia Nyayo. "Wewe ndiye unayemjua. Hebu lia wewe."

Angeweza kukataa. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye: hakuna aliyemkaba shingo. Alivua vile viatu, akasogelea maiki, akafumba macho.

"Usiniache, baba watoto! Nimekukosea nini? Niambie, nitabadilika!"

Sauti ilikatika palepale ilipotakiwa kukatika. Alipofumbua macho, mwigizaji alikuwa anafuta machozi, na wenzake wakampigia makofi. Naye, Mungu amsamehe, akatabasamu.

Mchezo ulirushwa Jumapili alasiri. Mama alikuwa amealika majirani, akaazima viti, akavaa gauni lake la kutokea. Nyayo alikaa karibu na mlango. Hatua zikapita kwenye kokoto. Pasi ikafoka mvuke. Kisha kikaja kile kilio.

Mama aliinua uso. Hakuitazama redio. Alimtazama bintiye, wala hakubandua macho mpaka maombi yale yote yalipokwisha. Nyayo alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Pole, mama mwenzangu," alisema mshonaji wa nyumba ya pili, akipenga kamasi. "Miaka yote hii tunadhani wewe moyo wako jiwe. Kumbe ulimlilia hivyo!"

"Hakulia," Nyayo alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Niliongeza mimi. Hata hiyo sauti ni yangu."

"Si tumesikia kwa masikio yetu? Acha, mwanangu. Usimwonee haya mama yako."

Wageni walipotoka kupunga upepo uani, mama alibaki kitini, mikono mapajani.

"Shati lilikuwa na kifungo kimelegea," alisema taratibu. "Nilikikaza kwanza, ndipo nikapiga pasi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mama."

"Na baba yako naye ana redio."

Hilo Nyayo hakuwa amelifikiria hata kidogo, wala siku ile kwenye maiki, wala alipokuwa akipigiwa makofi. "Nisamehe, mama," alisema, lakini mama alikwisha simama, amechukua kapu, anakwenda kuanua nguo za wateja.

Uani mshonaji alimkimbilia. Akampokonya kapu, akamshika kiwiko, "polepole, mama, polepole," kama anayemtembeza mgonjwa aliyetoka hospitali leo. Mama hakujitoa mkononi mwake. Nyayo aliwafuata hadi kizingitini, akakwama hapo. Kule kambani mama alinyoosha mkono achomoe kibanio cha kwanza, na jirani mwingine, kwa huruma, akawahi kumchomolea.