Mtandao wa Mama Mkwe

Masunga alichuchumaa chini ya dirisha la chumba cha uani, nyumbani kwake Mpanda mjini, simu mkononi na shingo imekakamaa kwa kujizuia asigeuke. Pazia lilikuwa limefungwa nusu na upepo ulikuwa unalichezea. Akigeuka tu angemwona mama mkwe wake kitandani, na kwa Msukuma aliyelelewa akaleleka, hilo halifanyiki hata nyumba ikiwaka moto.

"Mama Elia," alimwita mkewe Dorotea, "muulize mama, kioo kinasema nini sasa?"

Dorotea alikuwa amesimama mle ndani kando ya kitanda. Mama yake, Pudensiana, alikuwa amelisikia swali lote, maana masikio yake hayakuwa na shida yoyote. Lakini alisubiri binti yake alirudie neno kwa neno, ndipo akajibu kwa sauti ya chini, na Dorotea akalileta jibu dirishani kana kwamba limesafiri kutoka mbali, Kapalamsenga kule ziwani.

"Mama anasema kuna kiduara kinazunguka. Kinazunguka weee, kikichoka kinaandika hakuna kifaa."

"Mwambie azime, awashe."

"Ameshazima."

"Azime tena."

"Baba Elia, hiyo televisheni utaiua."

Siku nyingine wangecheka. Leo hakuna aliyecheka, kwa sababu kesho yake ndugu wa kijijini Mwamkulu walikuwa wanakuja kuanua matanga ya Mzee Malale, mume wa Pudensiana, na mjane mwenyewe alikuwa amekataa. Siku hiyo mjane hunyolewa nywele, msiba ukaisha, watu wakarudi kwenye majembe yao. Pudensiana alisema wembe usimguse. "Mninyoe kwa ajili ya nani?" alimuuliza Dorotea. "Mimi sijamzika mume wangu. Nilimwacha anakunywa uji."

Na kweli, maskini. Aliteleza kwenye tuta la jaruba la mpunga kule Mwamkulu, akavunjika nyonga, akakimbizwa hospitali. Akiwa bado amelazwa, mguu umefungwa uzito, Mzee Malale akaanguka uani kwake asubuhi moja na hakuamka tena. Walimzika mke wake hayupo. Walimpelekea habari wodini, akazisikiliza kimya, akauliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Tangu siku ile, hata alipotolewa hospitali na kuletwa kwa binti yake, moyo wake ulibaki pale pale kwenye ule uji.

Sasa, Masunga kazi yake ni kupiga video za harusi, na maziko yale aliyarekodi yote. Video ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani, chumba cha mbele, ndani ya diski kuukuu iliyoanza kukwaruza kila ikisogezwa, kwa hiyo kuihamisha kompyuta ilikuwa ni kuomba balaa. Tundu la flashi la televisheni liliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Simu ndiyo usiseme, Pudensiana akiitazama anaona sisimizi watupu. Kumbeba mpaka chumba cha mbele daktari alishakataza. Njia iliyobaki ilikuwa moja: picha itoke kwenye kompyuta, ipite hewani, ipenye ukuta wa matofali, itokee kwenye televisheni ya mama.

Na ndani ya video ile kulikuwa na kipande ambacho Masunga hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Kikimfikia mama mkwe, huenda angeshukuru, huenda pia asingemsamehe. Jana yake alitaka kukikata, akaweka kidole kwenye kitufe, kidole kikagoma.

Aliinuka, akazunguka nyumba mpaka chumba cha mbele. Akaondoa ule ulinzi wa kompyuta unaofukuza wageni. Akaifungua folda ya maziko kwa kila kifaa cha nyumbani. Akashika simu yake, akajaribu: picha ikaja. Akatoka uani, picha ikaja. Akarudi chini ya dirisha, na Mzee Malale akatokea kwenye simu ndani ya jeneza lake, amevaa koti lake la kanisani. Masunga alifunika kioo kwa kiganja. Alikuwa karibu kabisa na mama mkwe, na mzee alikuwa mkononi mwake, na hapakuwa na namna ya kuwakutanisha.

"Bado?" aliuliza.

"Kiduara," alijibu Dorotea.

Hapo ndipo kichwa kilipomuuma. Laiti televisheni ingekuwa haina mtandao, angeelewa. Lakini asubuhi hiyo hiyo mama alikuwa anasikiliza kwaya kutoka mtandaoni bila kukwama. Ruta inayogawa intaneti ni moja, nyumba ni moja, lakini kompyuta na televisheni vilikuwa vimenuniana kama wake wenza. Masunga alizima ruta, akaiwasha. Akabadilisha jina la folda. Akamsema fundi aliyemuuzia ile diski, ingawa fundi wa watu hakuwa na kosa lolote safari hii. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na hofu ikamshika kweli. Aliwaona ndugu wakishuka kwenye gari kesho na wembe wao, na mama ameuelekeza uso ukutani.

Akaamua kuuliza jambo la kijinga, lile ambalo fundi huliacha mwisho kwa sababu anaona aibu.

"Mama Elia, juu kabisa kwenye kioo, pale penye alama ya mtandao, pameandikwa jina gani?"

Swali likaenda, jibu likarudi.

"Mama anasema pameandikwa MGENI."

Masunga aliketi chini kwenye vumbi, suruali safi na yote.

Ni yeye aliyeandika. Mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwe wake ni jambo zito, na Masunga alikuwa amejitahidi asimvunjie heshima. Alimtobolea mlango wake wa nje ili wasipishane koridoni. Alimnunulia vyombo vyake, beseni lake, kiti chake. Na siku alipomfungia televisheni, akaona si vizuri mama mkwe atumie mtandao mmoja na yeye, akamtengea na mtandao wake, ule ambao ruta imeuweka maalumu kwa wageni. Alijiona ana adabu kweli kweli. Alichosahau ni kwamba mgeni wa ruta anapewa intaneti kama anavyopewa maji ya kunywa, lakini vyumba vya nyumba haonyeshwi. Kompyuta haikuwa mbovu. Ilikuwa inatii amri ya Masunga: huyu ni mgeni, asikuone.

Alimweleza mkewe.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfungia mama nje."

"Nilimheshimu."

"Umemheshimu mpaka ukampoteza."

Kitandani Pudensiana alisema kitu. Dorotea akasogea dirishani, na safari hii sauti yake ilikuwa na kicheko. "Mama anasema, mwambie huyo aliye nje, mtu aliyeharisha kwenye beseni lenu si mgeni."

Masunga naye akacheka, akafuta uso kwa mkono wa shati. Akamwambia mkewe atafute mtandao wa nyumbani kwenye ile televisheni na aandike neno la siri. Neno lenyewe lilikuwa Sitalike. Hilo lilikuwa jina la ng'ombe mmoja katika mahari aliyopeleka kwa Mzee Malale, jike lenye pembe moja alilolinunua Sitalike barabarani. Dorotea alihangaika na rimoti, herufi moja inakubali, mbili zinaruka. Alikosea, akakosea tena.

"Lete hapa," ilisikika sauti ya Pudensiana. "Ng'ombe nimemkamua kwa mikono yangu, leo nishindwe kumwandika."

Vitufe vikalia taratibu, kimoja kimoja. Kisha Dorotea akasema, bila kupeleka ujumbe wa mtu yeyote, "Baba Elia, imeingia. Folda ile pale."

Masunga hakubaki dirishani. Alirudi chumba cha mbele, akakaa mbele ya kompyuta na kukitazama kitaa kidogo cha diski, kile kinachowaka data inaposomwa. Kilikuwa kimezimika. Halafu kikaanza kucheza.

Masunga alikuwa anaijua kazi hii. Alijua picha inakatwakatwa vipande, inarushwa na ruta, inaungwa upande wa pili. Angeweza kukueleza mpaka usinzie. Lakini jioni ile alitazama kitaa kikipepesa, akasikia wimbo wa mazishi ukitokea chumba cha uani, na nywele zikamsimama. Mzee Malale alikuwa anapita. Mlango haukufunguliwa, waya haukuwepo, na yule mzee na koti lake alikuwa anapita chumbani humu, mbele ya pua yake, akipenya tofali na plasta, anakwenda kwa mke wake. Masunga alijikuta ameinuka kitini na kuvua kofia. Hakuna aliyemwona, na hata angeonwa asingejali.

Wimbo ukaisha. Ikasikika sala ya katekista. Ikasikika kamba ikikwaruza ubao, na jeneza likishuka. Masunga alijua kinachofuata, akashika ukingo wa meza.

Siku ile ya maziko aliisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, karibu kabisa na shimo, akaingia kwenye mstari kutupa udongo kama wengine. Akatupa wa kwake. Kisha akainama akachota tena. Hakutumwa na mtu. Mkwe hamsemei mama mkwe wake, wala haingilii mambo yake na mumewe, tena kaburini. Lakini alikuwa amemwacha mama yule wodini na mguu umening'inia, na mkono wake ulikataa kurudi mtupu. Watu walikuwa wanaimba, hawakumsikia. Kamera ilimsikia.

"Baba," sauti yake ilisema sasa, kutoka chumba cha uani, "hili ni la mama. Ameshindwa kuja. Anakuaga."

Udongo ukagonga ubao.

Kitaa kikazimika. Masunga alingoja. Kisha kitaa kikawaka, na ile sauti yake ikarudia maneno yale yale, na udongo ukagonga ubao. Kikazimika. Kikawaka. Mama mkwe alikuwa anarudisha nyuma. Kila aliporudisha, udongo ulianguka upya, na kila ulipoanguka, Masunga alisikia kilio kidogo chini ya ule mlio, kwanza cha kujibana, mwishowe cha wazi, kilio cha mtu aliyesimama kaburini.

Kilipotulia, Masunga alitoka akaenda dirishani. Alisimama akiupa ukuta mgongo, mikono imekunjwa, kama inavyotakiwa. Alisubiri Dorotea alete ujumbe.

Dorotea hakuleta.

"Mkwilima," Pudensiana aliita, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Hivyo ndivyo Wasukuma wanavyomwita mkwe, na tangu Masunga aoe hakuwahi kuitwa hivyo na sauti ile.

"Mama."

"Wapigie ndugu wa Mwamkulu," alisema. "Waambie wasisahau wembe."