Nyimbo Zisizo na Mwenyewe

"Dada Paskalia, hivi huyo mtoto wako anaimba, au kuna mtu amemkanyaga?"

Aliyeuliza ni Mwamvita, jirani wa nyumba ya chini, akiwa amesimama penye kona ya migomba na ungo mkononi. Paskalia alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaona haya, kwa kuwa kelele zile zilikuwa zikitoka chini ya paa lake mwenyewe, chumba cha pili tu kutoka ulipotundikwa msalaba. Magitaa yalikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na mzungu mmoja alikuwa akipaaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde na hakuna anayemwitikia.

"Anasema ni muziki," alijibu.

"Muziki wa nani?"

"Ndiyo nami namuuliza. Anasema hauna mwenyewe."

Thobias alikuwa amerudi Matombo na redio kaseti ya milango miwili na katoni la sabuni lililojaa kaseti. Hiyo ndiyo mali aliyoivuna mjini Morogoro. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungua geti asubuhi moja ili kuwaambia watu warudi makwao. Miaka ile ilikuwa hivyo: sabuni na sukari zimerudi madukani, tena za kuchagua, na wanaume wazima wanashinda vibarazani mchana kweupe wakizitazama. Akajishikiza kwenye kibanda cha kurekodi kaseti karibu na soko. Watu walitaka dansi, taarabu na kwaya. Tajiri wa kibanda alikuwa akinunua kaseti kuukuu zilizokuja na mizigo ya mitumba, ili arekodi dansi juu yake. Kaseti ya namna hiyo huwa na vitundu viwili mgongoni, na vikiwa wazi haikubali kufutwa. Kazi ya Thobias ilikuwa kuviziba kwa karatasi ya gundi. Ila kabla ya kuziba, alikuwa anasikiliza.

"Mama, zilikuwa zinafutwa bila hata mtu mmoja kuzisikia," alimweleza mama yake siku aliyofika. "Watu wameimba wee, mpaka mishipa ya shingo imewatoka, halafu wanafutwa. Hata majina yao hakuna aliyeyasoma."

"Kwani wao wanakujua?"

"Hawanijui."

"Basi unawalilia nini?"

Thobias aliendelea kupanga kaseti zake. Mshahara wake wa mwisho aliomba apewe kaseti zile badala ya hela, na tajiri akamwona mwendawazimu.

Tangu siku hiyo alikuwa akilima asubuhi, na jua likipinda anajifungia chumbani. Alikuwa akichagua wimbo huku na wimbo kule, akiziunganisha kwenye kaseti moja ya kuwapa vijana wa Matombo na Mkuyuni wapokezane. Paskalia, akitoka shamba, alisikia kupitia ukutani: magitaa, kisha kimya, kisha mwanawe ananong'ona peke yake, kisha magitaa tena. Kule kunong'ona kulimtia hofu kuliko kelele. Alimwombea rozari nzima kwa ajili ya hilo. Na mwanawe kila akisikia jembe la mama linawekwa ukutani, alipunguza sauti. Adabu hiyo hakuikosa hata mara moja.

"Ukitaka kelele hizo zijae nyumba hii, subiri nife," Paskalia alimwambia siku moja.

"Basi zitangoja sana, mama," alisema Thobias, na wote wawili wakacheka.

Masika ile lori la ndizi lilipinduka kwenye mteremko wa kuelekea Mkuyuni. Thobias alikuwa juu ya mzigo.

Msibani, kama ilivyo kwa Waluguru, watani wa ukoo ndio walioshika shughuli. Mtani halii. Mtani anachimba kaburi huku akilalamika kwamba marehemu ni mrefu kwa makusudi, anavaa kofia ya marehemu na kuiga mwendo wake, ili wafiwa wapate pumzi kidogo. Na mtani huchukua kitu. Anakibeba mbele ya watu wote akitangaza kuwa ni chake, mpaka wenye msiba wamkomboe kwa kuku, au hata kwa kiganja cha unga wakiwa hawana. Wasipokomboa mpaka tanga linaondolewa, kitu hicho ni cha mtani moja kwa moja, na hakuna wa kumdai.

Mtani wa siku hiyo alikuwa Mikidadi, mwenye kibanda cha redio na viatu vya plastiki pale gulioni Mkuyuni. Alitoka chumbani kwa Thobias na lile katoni kichwani, akiyumba kama aliyebeba gunia la chumvi.

"Mali yangu hii!" alipiga kelele. "Huyu bwana kanikimbia na deni la kunisumbua masikio! Nikomboeni, la sivyo naondoka na wazungu wake wote!"

Watu walicheka, wengine machozi yakiwatiririka. Agustino, kaka yake Paskalia na mjomba wa marehemu, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo, aliingia ndani alikoketi dada yake juu ya mkeka.

"Dada, tumpe kuku tukomboe?"

Paskalia alikuwa akitazama ukuta. Moyoni alisikia jembe lake mwenyewe likiegemezwa, na magitaa yakishuka.

"Aende nazo," alisema. "Siwezi kuzisikia."

Redio ilibaki, haikuwa kwenye katoni. Aliifunika kitambaa cheupe alichokifuma, akaweka juu yake kitabu cha nyimbo za kanisani.

Mwaka ukapita na masika nyingine juu yake. Siku ya gulio Paskalia alishuka Mkuyuni na kapu la mdalasini na pilipili manga, kama kawaida yake. Mikidadi alimwona toka mbali.

"Shikamoo, mtani! Bado hujafa tu?"

"Marahaba. Nangoja nikuzike wewe kwanza."

"Sanda nishanunua, tatizo fupi!"

Akapita akicheka. Alikuwa ameshapanga mafungu yake kando ya njia aliposikia magitaa. Aliyatambua mara moja, kama mtu anavyotambua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Vijana walikuwa wameizunguka redio ya Mikidadi, utingo wa malori ya mboga ya Mgeta na wauza kanga, na walikuwa wakiimba! Maneno hawakuyajua, walipiga mapaja yao na kuupokea ule ukelele kila uliporudi. Paskalia alitikisa kichwa. Kumbe zimepata watu, alijisemea. Mwenyewe hakuwahi kuona hata kijana mmoja akimwomba Thobias kaseti.

Wimbo ukaisha. Kisha mtu akasema.

"Sasa huyu anayefuata hana sauti, najua mtamcheka. Lakini msikilizeni anavyorudia pale pale anaposhindwa. Anasema kiwanda cha mji wao kimefungwa, na baba zao wanashinda nyumbani hawajui mikono waiweke wapi. Sasa niambieni, huyo si wa kwetu? Ngojeni kidogo... mama huyo anarudi, nipunguze."

Kuni zikaanguka chini, ndani ya redio. Na mwanamke, kwa mbali, akaita: "We Thobi! Maji umeteka?"

"Nakuja, mama."

Paskalia hakujua kama amepiga ukelele. Alichojua ni kwamba amekaa kwenye matope, pilipili manga zimemwagika miguuni, na wanawake wanamshika mabega. Ile sauti ya mwanamke ilikuwa yake. Mikidadi alizima redio, akawafukuza vijana kama kuku, akaja mbio, na uso wake haukuwa na utani hata chembe.

"Nisamehe, mama. Nisamehe. Sikujua ungeisikia."

Alitaka kumjibu. Alitaka kusema, rudisha, rudisha pale pale. Mdomo haukufunguka. Wakampakia kwenye gari la kurudi Matombo, na Mikidadi akabaki njiani ameshika kichwa.

Usiombe kuona furaha inayokuja na kilio ndani yake. Wiki ile Paskalia alikuwa kama mtu aliyepewa habari ya msafiri. Kumbe kule kunong'ona kwa ukutani hakukuwa wazimu. Mwanawe alikuwa akiongea na watu, akiwafungulia nyimbo za watu asiowajua, mmoja mmoja. Na yeye mama yake alikuwa humo, na kuni zake. Alijiuliza kama ni dhambi kuitamani sauti ya marehemu. Akapiga magoti, akawaza: Bikira Maria angeletewa sauti ya mwanawe Ijumaa Kuu ile jioni, angeikataa? Hakuona kosa.

Alikwenda kwa Agustino.

"Dada, tanga limeshaondolewa," kaka yake alisema. "Kitu cha mtani hakirudi. Ukienda kumdai utatutia aibu ukoo mzima."

"Sidai katoni. Kaseti moja tu. Siendi kudai, naenda kuomba."

Agustino alimtazama sana. Dada yake hakuwa mtu wa kuomba.

"Basi chukua jogoo, yule mwekundu. Akikataa, usimlaumu."

Mwamvita naye aliambiwa.

"Sauti kabisa? Ya kusema?"

"Ya kusema. Anasema, 'Nakuja, mama.'"

Mwamvita aliuweka chini ungo wa mchele. "Nilimtania sana yule mtoto," alisema. "Ukirudi nayo niite. Hata kama nina mkono kwenye ugali, niite."

Paskalia aliondoa kitambaa cheupe, akafuta vumbi. Alitoa betri, akazianika juani juu ya ungo ili zipate nguvu kidogo, na kila alipopita alizigeuza kama mtu anayegeuza mihogo. Siku ya gulio ilipofika alivaa kanga ya kwendea misa, akambeba jogoo kwapani, akashuka.

Mikidadi alimwona. Safari hii hakumtania toka mbali. Alitoka kibandani, akafagia kigoda kwa kiganja chake, akamkaribisha ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Pole kwa yale. Sijalala vizuri, haki ya Mungu. Mtani kazi yake ni kumchekesha mfiwa. Mimi nikakuliza, tena tanga lishapita, mbele ya gulio zima. Nimejiona mchawi."

"Hukukosa, Mikidadi. Ndiyo maana nimekuja." Alimweka jogoo chini, miguu yake imefungwa kwa kamba ya mgomba. "Najua siku zimepita. Najua si haki yangu tena. Lakini ile kaseti..."

"Usiseme, mama. Nimeshaitengeneza."

"Umeitengeneza?"

Mikidadi aliinama chini ya meza akaitoa. Alikuwa akitabasamu sasa, kama mtoto aliyetumwa mbali akarudi salama.

"Siku ile ile, jua halijazama. Nilifunga kibanda. Marehemu alikuwa ameacha vitundu wazi, hakutaka ifutwe. Nikaviziba. Nikaipitia yote, mwanzo mpaka mwisho, na kila alipoanza kusema nikabonyeza nikafuta. Kila mahali, mama. Nyimbo sikuzigusa, wala sikuiba hata moja, vijana wanazipenda. Ila sauti yake haimo tena. Wewe pita hapa gulioni siku yoyote uitakayo, hutashtuka. Ngoja nikuonyeshe, uamini."

Akaiingiza kaseti, akabonyeza.

Wimbo mmoja ulimalizika. Kisha redio ikaanza kuvuma taratibu, kama mvua ya mbali kwenye majani ya migomba. Paskalia aliinamisha sikio. Ndani ya ule uvumi palikuwa na mtu anapumua: Mikidadi, aliyekaa kimya kibandani mwake akibana pumzi ili asiharibu. Jogoo wa mtu aliwika kwa mbali. Mahali pa kuni zilipoanguka pakapita. Mahali alipoita yeye pakapita. Alingoja mahali pa kuitikiwa, midomo ikamcheza, na hapo napo pakapita, peupe.

Ndipo yule asiye na sauti akaanza kuimba. Paskalia alimjua ni nani, ni yule wa kiwanda kilichofungwa. Ndiye mmoja peke yake aliyefika kwake akiwa ametambulishwa. Wengine wote katika katoni lile hakuna tena wa kumwambia wanalia nini. Alimsikiliza. Kweli, kila aliposhindwa alirudi pale pale, akashindwa tena, akarudi. Nje, vijana wawili walisogea mlangoni wakaanza kupiga mapaja.

"Unaona?" alisema Mikidadi kwa upole. "Hamna kitu tena cha kukuumiza."

Wimbo ulikwisha. Mikidadi alizima, akamtazama mama wa watu, na tabasamu likaanza kumtoka polepole, kama mtu aliyehesabu watoto njiani akaona mmoja hayupo.

"Mama," alisema. "Mama, ulikuja kwa jambo gani?"

Paskalia alinyanyuka. Alikunja kanga yake vizuri mabegani. Aliinama akamlegezea jogoo kamba kidogo miguuni isimuumize, akamwacha pale pale chini ya meza, akawapisha wale vijana wa mlangoni, akatoka.