Mashine za Marehemu Zagawana Ukoo

Jumamosi, tarehe 18 Mei. Ukungu umeshuka Usangi hadi kwenye migomba, na manyunyu hayajakatika.

Usiku wa kuamkia leo nimeota kikao cha kumaliza matanga ya Baba. Maisha yake yote Baba alikusanya mashine kuukuu, na baba mdogo Zefania alishaapa kwamba leo zitapakiwa kwenye gari la vyuma chakavu. Nililala nikimwomba Mungu amlainishe moyo.

Ndotoni naingia sebuleni, nakuta viti vyote vimekaliwa na mashine. Sisi ndugu tumepangwa sakafuni, tumeshafutwa vumbi.

"Bwana asifiwe," inasema cherehani ya kukanyaga, ambayo ndiyo mwenyekiti. "Marehemu ametuachia watu. Tugawane bila kugombana."

Naona ni utaratibu wa kawaida.

Gramafoni inamchukua Mama kwa sababu anajua kusikiliza. Taipureta inanikagua vidole. "Huyu anasoma shule ya jioni. Anakosea sana, lakini hachoki. Wangu."

Nashusha pumzi. Nimepata kwangu.

Anabaki baba mdogo. Hakuna anayemtaka.

"Ana kelele na hafanyi kazi," inasema gramafoni. "Auzwe kwa kilo."

"Jamani, mimi mzima! Goti tu ndilo bovu!"

"Hata sisi tulisema hivyohivyo."

Mara sebule ni uwanja wa vyuma chakavu. Baba mdogo yuko juu ya mizani, amevaa suti yake ya harusi, analia. Napiga magoti kwenye kutu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nakuomba kwa jina la Yesu. Ni damu ya marehemu. Mtengenezeni kwanza."

Cherehani inafikiri; gurudumu lake linazunguka taratibu. Kisha inainamisha kopo la mafuta na kumdondoshea gotini.

Nikaamka. Baba mdogo, aliyelala kwetu kwa ajili ya kikao, alikuwa amesimama mlangoni, wima, bila ile fimbo anayotembelea siku zote. Kwenye goti la suruali palikuwa na doa la mafuta ya cherehani, bado bichi.

"Nakiete, ita watu."

Wakaja Mama, shangazi Nanzia na mchungaji.

"Mashine za kaka haziendi popote," alisema.

"He! Jana si ulisema ni takataka?" shangazi akamchokoza.

"Jana nilikuwa sijapimwa, dada."

Akavua kofia. "Mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi: nikiwa hai, hakuna mashine hata moja ya kaka itakayouzwa kwa kilo."